Ubuntu 24.04, Mint 22 au Debian 13 kwa mashine za steshenari

Mkuu, umeuliza uweke mfumo gani wa Linux (programu kuu ya kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) kwenye mashine za steshenari yako pale Sakina: Ubuntu 24.04, Linux Mint 22 au Debian 13. Umesema tatu ni za prosesa ya zamani ya Core 2 Duo zenye RAM ya GB 2, ya nne ni Core i5 yenye GB 8 ambayo bado ina Ubuntu 20.04, na intaneti yote ni bando la simu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Moshi na wateja wangu wengi ni watu wa steshenari na shule, kwa hiyo mashine za aina hiyo ndizo ninazoshinda nazo. Ningekuwa wewe, ningeweka Mint 22 ya Xfce, yaani ile yenye mwonekano mwepesi usiokula RAM, kwenye zote nne.

Tuanze na muda wa huduma, maana hapo ndipo wengi hawaangalii. Namba ya Ubuntu ni mwaka na mwezi: 24.04 ilitoka Aprili 2024. Matoleo ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na hupewa masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Yale ya katikati hupewa miezi tisa tu, hayo kwa biashara usiyaguse. Hiyo 20.04 yako huduma yake ya kawaida ilikwisha 2025, na mashine inayoingiza taarifa za watu wa mikopo na ajira haifai kubaki hivyo. Mint 22 imejengwa juu ya 24.04, kwa hiyo zote mbili zinafika 2029. Debian 13 ilitoka Agosti 2025 na nayo, ukijumlisha huduma ya nyongeza, inapata miaka mitano. Kwa tarehe peke yake, yoyote kati ya hizo tatu inakufaa.

Kwenye bando ndipo zinapoachana. Ubuntu huleta kivinjari cha Firefox kwa njia ya Snap, utaratibu wake wa kusambaza programu, na Snap hujikagua mara nne kwa siku na kujisasisha yenyewe. Ofisi yenye faiba haitaona shida. Wewe unayewasha hotspoti ya simu ili mwanafunzi amalize maombi ya mkopo HESLB, utaona. Kuna amri ya kuizuia, sudo snap refresh --hold, lakini lazima uikumbuke kwenye kila mashine. Tena kwenye diski ya zamani inayozunguka, Firefox ya Snap huchelewa kufunguka mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine, na mteja amesimama mbele yako. Mint imeiweka Snap pembeni tangu toleo la 20 na hutoa Firefox kama kifurushi cha kawaida. Masasisho yanasubiri mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Bonyeza usiku, ukiwa na bando la usiku. Hata faili la kusakinishia linatofautiana: la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, la Mint ya Xfce halifiki hata GB 3.

Hizo Core 2 Duo mtu asikudanganye kwamba ni za biti 32. Nyingi zilikuja na Windows ya biti 32, lakini prosesa yenyewe ni ya biti 64. Washa mfumo kutoka kwenye flashi, andika amri ya lscpu, utaona biti 32 na biti 64 zote zimetajwa. Ni jambo la kuhakikisha mapema kwa sababu Mint 22 haina toleo la biti 32, na Debian 13 nayo imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Mwenye mashine ya biti 32 kweli abaki na Debian 12.

Kwa GB 2 za RAM, Xfce itaenda, ila kivinjari ndicho kitakachozimaliza. Kabla ya kubishana kuhusu mfumo, tafuta RAM ya mtumba zifike GB 4, na uweke SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka. Nimeona mashine zikibadilika kwa SSD kuliko kwa toleo lolote la Linux.

Sasa kazi yenyewe. Wateja wanakuletea CV na ripoti zilizoandikwa kwa Word. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Linux, inazifungua, lakini fonti ikikosekana, mistari inasogea na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Hakikisha Carlito ipo, maana nafasi zake zinalingana na za Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Kwa Times New Roman na Arial kuna Liberation. Hapa pia ndipo Debian 12 inapopungua: LibreOffice yake ni 7.4, wakati Mint 22 na Ubuntu 24.04 zina 24.2, na Debian 13 ina 25.2. Kwa hilo Debian 13 inaongoza, nakiri, na kama steshenari yako ingekuwa na mtu anayeijua Linux vizuri ningekwambia uichukue. Lakini kijana unayemwachia duka Jumamosi atazoea menyu ya Mint haraka zaidi, na programu ya Timeshift ipo tayari ya kurudisha mfumo ukiharibika.

Kuhusu hiyo i5: usihangaike kuipandisha. Ubuntu hairuki toleo la muda mrefu, ingebidi upite 22.04 kwanza ndipo ufike 24.04, na bando utalilipia mara mbili. Nakili mafaili kwenye diski ya nje, sakinisha Mint upya. Kisha weka apt-cacher-ng, programu ya kutunza vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye hiyo hiyo i5 na uzielekeze zile tatu kwake: kifurushi kikishapakuliwa na mashine moja, nyingine zinakichukua humo ndani bila kugusa bando. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema zote nne ziwe toleo moja.

Umesahau kutaja printa. Nyingi za HP zinakwenda kwa HPLIP, draiva ya HP kwa Linux, bila shida, ila kuna leza za bei nafuu zinazotegemea draiva ya Windows. Andika modeli yake kamili hapa kabla hujafuta chochote, nikuangalizie.