Fleti yenye samani mtaa wa wasanii: rudi usiku kwanza

Ndugu, umeuliza kama ulipie hiyo fleti yenye samani kwenye mtaa wa wasanii, maana umeiona mara moja tu, mchana, ukaipenda. Mimi ningesubiri. Rudi Ijumaa, saa tano usiku hivi, uingie chumba cha kulala, ufunge madirisha, usikilize. Mitaa ya namna hiyo mchana hutulia; usiku muziki wa baa ya chini unapanda hadi kitandani. Niliwahi kupanga moja, glasi zilikuwa zinatetemeka mezani mpaka saa tisa usiku.

Samani nazo usizitazame juu juu. Inua godoro uangalie mishono: vidoa vidogo vyeusi ni dalili ya kunguni. Washa jiko, vuta kila droo. Kisha wewe na mwenye nyumba mwandike orodha ya kila kitu na hali yake, hata mkwaruzo wa meza, mpige picha na msaini wote kabla hujapokea funguo. Bila hiyo, siku ya kuhama unaweza kukatwa amana kwa kochi ulilolikuta limeshachanika. Mita za umeme na maji pia zipige picha siku hiyohiyo.