Unapobuni elektroniki za ndege, anza na maji

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza kwanza habari za baridi. Nawaelewa. Kwenye kimo cha mita 11,000, angahewa sanifu huwa na nyuzi 56.5 chini ya sifuri, na namba hiyo inatisha. Ila vifaa vingi nilivyofungua mezani vikiwa vimekufa vilikuwa na kutu.

Hatari iko ndege inaposhuka. Boksi la elektroniki lililo nje ya sehemu yenye hewa iliyoshindiliwa hupoa sana huko juu, kisha linakutana na hewa yenye unyevu. Umande unatanda juu ya chuma, ndani na nje. Tena boksi lisilozibwa kabisa hupumua: likipanda linatoa hewa, likishuka linavuta nyingine yenye maji. Ndiyo maana napendelea tundu dogo la kutolea maji upande wa chini kuliko kutegemea mpira wa kuziba ambao siku moja utachoka. Plagi ziwe ubavuni, zisitazame juu kamwe. Waya nao ushuke kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda, ili tone lidondokee kwenye pindo, lisifuate waya hadi kwenye pini.

Bodi ya saketi iliyo ndani ya boksi ipake varnishi ya kinga, kisha uikague kwa taa ya urujuanimno, maana varnishi nyingi za kazi hii hung'aa chini yake. Usiridhike na mng'ao wa katikati. Angalia kingo kali za miguu ya chipu: varnishi hukimbia pale ikiwa bado mbichi, na kutu huanzia hapohapo.

Kuhusu joto, hewa ya juu ni nyembamba na feni haipozi kama ardhini, kwa hiyo lipitishe joto kwenye chuma hadi kwenye fremu. Kapasita ndefu (kijenzi cha kuhifadhi chaji ya umeme) ishikizwe kwenye bodi kwa gundi. Miguu yake peke yake haitahimili mtetemo.

DO-160, kiwango cha kupimia vifaa vya ndege, kimeweka majaribio ya halijoto, unyevu na mtetemo katika sehemu tofauti, na inavutia kupeleka boksi jipya kwa kila jaribio. Mimi nakusihi, kabla ya majaribio rasmi, chukua boksi moja ulitese kwa joto na baridi, ulitikise, ndipo uliingize kwenye unyevu. Nyufa za varnishi zilizofunguliwa na mtetemo, maji yatazipata. Likitoka, lifungue siku hiyohiyo kabla halijakauka.