Makaa ya mawe bado yapo sana tu

Mkuu, umeuliza kama makaa ya mawe yamebaki historia, maana Uingereza wamefunga mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa. Kufunga wamefunga kweli: Ratcliffe-on-Soar ulizimwa 30 Septemba 2024, miaka 142 baada ya London kuwasha wa kwanza. Ila usiipime dunia kwa Uingereza. Mwaka huohuo dunia ilichoma takriban tani bilioni 8.8 za makaa ya mawe, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla, na zaidi ya nusu ni China peke yake. China hiyohiyo ndiyo inayoongoza kwa kufunga sola!

Watu hudhani nishati mpya huifukuza ya zamani. Mara nyingi inajazia tu juu yake. Mafuta yaliyapita makaa miaka ya 1960, lakini makaa yanayochomwa leo ni mengi kuliko wakati ule. Hata jikoni kwangu mtungi wa gesi upo, chai na mayai hapohapo, ila siku ya maharage jiko la mkaa linatolewa uani. Kinachoshuka ni asilimia ya makaa ya mawe kwenye nishati yote, siyo tani zake, na kwenye umeme wa dunia makaa bado yana karibu theluthi.