Shangazi, nilifungua sanduku la akina mama ili nimtoe mdogo wangu hospitalini

Binti yangu wa Kadutu,

Unaniandikia kwamba wewe ndiwe mtunza sanduku wa AVEC, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya akina mama 25 hapo Bukavu, na kwamba mdogo wako alipozaa kwa kupasuliwa, hospitali ilimzuia pamoja na mtoto wake mchanga hadi deni la dola 180 lilipwe. Ulizitoa sandukuni bila kumwambia mtu, ukazirudisha zote baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo, mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliomba mkopo wa dola 60, ukamjibu kwamba fedha zote ziko kwa wakopaji. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, na sasa anadaiwa 90. Unauliza kama ulikosa, wakati uliokoa watu wawili na sanduku halikupungukiwa hata franga moja.

Kumzuia mzazi ambaye mshono wake haujapona, kwa sababu ya deni, ni jambo la aibu. Mimi mwenyewe niliwahi kulala sakafuni katika wodi ya namna hiyo nikimnywesha uji binti wa kaka yangu, na najua jinsi deni linavyoongezeka kila kukicha, kwa kuwa hata kitanda unachozuiliwa juu yake unakilipia. Kwa hiyo sikuoni kama mwizi.

Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 3, Mtume Paulo anakataa kabisa kwamba tufanye mabaya ili mema yapatikane, na wengi wangeishia hapo. Mimi naongeza fundisho la Mtakatifu Thoma wa Akwino, wa karne ya 13, aliyesema kwamba mtu aliye katika dhiki kubwa na ya wazi, asiye na njia nyingine, akichukua cha mwenzake hahesabiwi kuwa ameiba. Yapime maneno hayo, "asiye na njia nyingine". Mdogo wako alikuwa amekwisha kupasuliwa na uhai wake umeokolewa, na AVEC yenu, kama unavyoeleza mwenyewe, ina mfuko wa mshikamano mnaouchangia kila juma kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Pengine usingetosha, pengine wangekataa. Lakini kwa kuogopa kukataliwa uliwanyang'anya wenzako 24 nafasi ya kukubali.

Tena si kweli kwamba hakuna kilichopungua. Zimepungua dola 30, nazo zinatoka katika beseni la mama yule. Ungetoa fedha zako mwenyewe ningekusifu bila kusita. Wema huu ulilipiwa na mtu ambaye hakuulizwa, na ambaye mpaka leo hajui kwamba alilipa. Kinachoniuma kuliko hata kufungua sanduku ni jibu ulilompa akiwa amesimama mbele yako.

Vikundi hivi vya akiba vilianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na sanduku likawekewa kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Watu hudhani kufuli hizo ni za kuzuia wezi wa usiku. Mimi naona ziliwekwa kwa ajili ya mtu mwema aliyebanwa, kama ulivyobanwa wewe, ili asibaki peke yake na sanduku na uchungu wake. Ninyi funguo zote tatu mlizikusanya kwako kwa sababu wanakuamini, na hata kuhesabu mbele ya wote mliacha. Katika mkutano ujao ziweke zote mkekani, ueleze yaliyotokea, uombe wachague wawili wengine wa kuzishika. Wakikuondoa katika kazi hiyo, kubali.

Lakini kabla ya mkutano nenda kwa muuza sambaza, nyumbani kwake jioni, si sokoni mbele ya wateja. Mpelekee dola 30, au ulizo nazo pamoja na siku utakayomaliza. Anza na habari yake: siku aliyoomba mkopo, jibu ulilompa, na kwamba halikuwa la kweli. Akikuuliza kwa nini, ndipo umweleze habari ya mdogo wako na mtoto, wala si kabla ya hapo.