Mkukusu wa Mbokomu: kushuka raha, kupanda utasema

Mkuu, umeuliza kama Kilimanjaro kuna msitu wa kutembea siku moja, pasipo msururu wa wapagazi. Upo. Panda Mbokomu, kijiji cha Tema, ukauone mkukusu.

Huo ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika: mita 81.5. Uko bonde la Mrusungu. Mtafiti Andreas Hemp aliiona mikukusu hiyo miaka kama 20 kabla, ila hakuwa na kifaa cha kuipima. Vipimo vya leza vilikuja kutangazwa 2016. Umri wake unakadiriwa miaka 500 hadi 600. Wenyeji wameishi nao muda wote huo bila leza.

Kutoka Moshi mjini unapita vihambani, migomba na kahawa, mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga, unachuruzika pembeni. Tukaingia msituni, na mimi niliyekuwa nimeropoka njia nzima nikajikuta nanong'ona. Waliokuwa na kelele ni hondohondo tu: wakipita juu, mabawa yanavuma kama mtu anapepeta mchele kwa ungo.

Ukifika shinani usitegemee kukiona kilele, utaumiza shingo bure. Angalia chini. Shina lina kipenyo cha mita 2.55, na mizizi imesimama kama kuta. Tulikaa wawili katikati ya kuta mbili na nafasi ikabaki. Niliokota tunda lake kavu, gumu kama mbao, limepasuka vipande vitano mithili ya ndizi iliyomenywa. Mbegu zilishapeperuka zamani, zina bawa. Urefu wenyewe niliuona tulipopanda ukingoni na kugeuka nyuma: kichwa kimoja kimewapita wenzake wote, ukungu umekifika kidevuni.

Sasa makosa yangu. Mara ya kwanza nilienda kienyeji, nikarudishwa. Msitu ule uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005, kwa hiyo ulizia kibali na mwongozaji mapema. Mara ya pili nilienda Aprili na raba zilizolika soli. Sehemu kubwa ya mteremko niliimaliza kwa makalio. Nenda Januari au Agosti, na viatu vyenye meno.

Halafu mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Utakaribishwa kabla hujaanza, pokea kwa adabu uonje kidogo tu. Kwingine unapanda ndipo ushuke, hapa unaanza kushuka, na kile kilima cha kurudi hakitaki mtu aliyeshiba kibuyu.