Kabla Miguu Haijalegea: Kwa Madaktari Wanaoanza Wodi ya Magonjwa ya Neva

Mgonjwa anayeletwa wodini kwa kiti cha magurudumu, miguu imelegea na mkojo umeziba, hampi daktari shida ya kutambua kwamba tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Ninachowaomba mkizingatie ni wiki zilizotangulia siku hiyo, kwa sababu katika nyuromielaitisi optika, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo, dalili ya kwanza yaweza kujitokeza mbali kabisa na miguu.

Katika sehemu ya chini ya shina la ubongo, jirani na mahali unapoanzia uti wa mgongo, pana sehemu inayoamsha kutapika, nayo ina wingi wa akwaporini-4, protini ya kupitisha maji ambayo ndiyo hulengwa na kingamwili za ugonjwa huu. Sehemu hiyo ikishambuliwa, mgonjwa hushikwa na kwikwi au kutapika kwa siku kadhaa mfululizo, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, pengine hufanyiwa endoskopia, yaani kupigwa kamera ya tumbo, isiyoonyesha kitu, kisha hali hiyo hutulia yenyewe. Akirudi baadaye na ganzi iliyopanda hadi kifuani, hataitaja, kwa kuwa haoni tumbo linahusianaje na miguu. Muulizeni waziwazi: "Mama, miezi hii ya karibuni uliwahi kupata kwikwi au kutapika kusikosikia dawa? Na jicho, liliwahi kuuma likapoteza nuru?" Muulizeni pia ndugu anayemuuguza, maana mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka.

Wapo wanaoanza kwa muwasho mkali wa shingo na mabega, nao hupakwa dawa za upele ingawa ngozi haina kipele hata kimoja, ila michubuko ya kucha. Wengine mkono au mguu hukakamaa ghafla kwa maumivu makali, huachia kabla ya dakika kwisha, kisha hukakamaa tena kila wanapojigeuza kitandani. Nimeona hali hii ikiandikwa kifafa kwenye faili, na inanisikitisha, kwa sababu ukikaa kando ya kitanda utamwona mgonjwa akikujibu kwa fahamu zake zote huku mguu umekaza. Kabamazepini, dawa itumiwayo pia kwa kifafa, kwa dozi ndogo humtuliza vizuri, ingawa haitibu ugonjwa wenyewe.

Mnapoagiza MRI, msiombe kiuno peke yake eti kwa kuwa miguu ndiyo inayolalamikiwa. Ombeni shingo na kifua pia. Doa ndani ya uti lenye urefu wa pingili 3 au zaidi huelekeza sana kwenye ugonjwa huu, lakini doa fupi haliufuti, hasa picha ikipigwa mapema. Damu ya kupima kingamwili ichukuliwe kabla ya kubadilisha plazma, yaani kuondoa majimaji ya damu yenye kingamwili na kuweka mengine. Kingamwili hizo zilielezwa mwaka 2004 na kundi la mtafiti Vanda Lennon wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, na kipimo chake kina uzito mkubwa kwa mgonjwa, kwa kuwa baadhi ya dawa za multipo sklerosisi, ugonjwa mwingine wa neva unaofanana na huu, kama vile interferoni beta na fingolimodi, zaweza kumzidishia ugonjwa.

Katika hospitali zetu ni lazima pia kufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho, VVU, kaswende na upungufu wa vitamini B12. Hata hivyo, msiuache ugonjwa huu kwa kudhani ni wa Wazungu, kwani watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi yao. Picha ikishaonyesha kwamba hakuna kinachobana uti, na maambukizi yakionekana hayaelekei, methilipredinisoloni gramu 1 kwa mshipa kila siku, kwa siku 3 hadi 5, isingojee majibu ya kingamwili. Asipopata nafuu, zungumzeni mapema juu ya kubadilisha plazma.

Doa likiwa shingoni, angalieni pumzi kila zamu: mwambieni mgonjwa ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, mwandike alipofikia, na idadi ikizidi kushuka, iteni timu ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hata kama kipimo cha oksijeni kidoleni bado kinasoma vizuri.