Shangazi Anajibu: Neno Nililolimeza Kikaoni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, ni mhasibu msaidizi katika ofisi moja hapa Dodoma. Tatizo langu ni vikao. Jumatatu iliyopita meneja alisoma hesabu za mwezi, nami nikaona kabisa kwamba mafuta ya gari yameingizwa mara mbili. Moyo ukaenda mbio, nikanyamaza. Baadaye kidogo mwenzangu akalisema lilelile, akapongezwa. Rafiki yangu akanishauri nijenge kujiamini kwa kujiandikia, akanitumia orodha ya maswali kwa WhatsApp: taja mambo kumi unayoyapenda kwako mwenyewe, wewe ni nani hasa, utakuwa wapi baada ya miaka mitano. Na kila asubuhi niandike, "Mimi ni jasiri, ninastahili." Nikanunua daftari zuri la jalada gumu. Kwenye mambo kumi niliishia matatu, na hiyo sentensi ya asubuhi naiandika huku najiona mwongo. Kuandika hakunifai? Na niandike Kiswahili au Kiingereza?*
Mhasibu, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Kuandika kunakufaa. Isiyokufaa ni hiyo orodha.

Tuanze na sentensi ya asubuhi, maana wengi wanaoniandikia wamepewa dawa hiyohiyo. Mwaka 2009, Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliotakiwa kujirudia-rudia kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walinufaika kidogo. Waliojidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakujirudia chochote. Ukijisemea jambo kubwa usiloliamini, kuna sauti ndani inayojibu papo hapo, tena kwa ushahidi: "Jasiri wa wapi? Na Jumatatu je?" Wewe ni mhasibu. Malipo yasiyo na risiti huyapitishi, basi na sifa usijipitishie bila risiti.

Sasa hayo maswali makubwa. Nilifundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na nikitoa insha ya "Siku Nisiyoisahau" nilikuwa napokea darasa zima la ajali za basi. Basi lilelile, korongo lilelile, hata watoto ambao hawajawahi kupanda basi la mbali. Lakini nikiuliza, "Jana saa kumi jioni ulikuwa wapi, na nani, mlisema nini?" mtoto mzito kuliko wote anajaza kurasa mbili na kuomba karatasi nyingine. Swali kubwa huletewa jibu la kuazima. "Wewe ni nani hasa?" ni swali la kumuuliza mtu mwenye miaka themanini, na hata huyo atakuomba chai kwanza.

Kwa hiyo mimi nakupa madogo.

Jumapili jioni jiulize: *Kesho nikisema neno moja kikaoni, nahofia kitatokea nini?* Usiandike "nitaaibika", kwa sababu hiyo haipimiki. Andika nani atacheka, meneja atasema maneno gani, wewe utafanya nini. Jumatatu mchana, kabla hujala, rudi ukurasa huohuo: *Kimetokea nini?* Wataalamu wa tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kubadili anavyofikiri na anavyotenda, huwapa wateja wao zoezi la namna hii, na nguvu yake ipo katika kuandika mapema. Hofu isiyoandikwa ni janja sana. Mambo yakienda vizuri inakwambia ulibahatika, au kwamba hata hukuwa na wasiwasi mkubwa. Ikiwa imeandikwa Jumapili kwa mkono wako, haina pa kukimbilia.

Siku uliyonyamaza, swali ni hili: *Neno lipi nimelimeza leo?* Usielezee jinsi ulivyojisikia. Andika sentensi yenyewe kama ambavyo ingetoka mdomoni: "Samahani meneja, naona mafuta ya wiki ya pili yameingia mara mbili, naomba tuangalie vocha." Kisha isome kwa sauti ukiwa jikoni. Mara mbili, tatu. Hapa ndipo nawashangaa wanaouza kuandika kama dawa ya kila kitu: daftari peke yake halijawahi kumfungua mtu mdomo. Kikao kijacho sema kitu mapema, hata swali dogo la ajenda, kabla moyo haujapata muda wa kuanza mbio zake.

La tatu ndilo la kukusanyia risiti: *Wiki hii nani alikuja kuniuliza jambo kwa kuwa anajua nalijua?* Nina hakika wapo. Aliyekosea hesabu yake akaja mezani kwako kimyakimya kabla ya kwenda kwa bosi, huyo mwandike, na alichouliza ukiandike. Sitaki mambo kumi. Akiwa mmoja, anatosha.

Jambo jingine linaonekana kama mchezo, lakini jaribu. Unapoandika hofu ya Jumapili, badala ya "mimi" tumia jina lako, kana kwamba unamwandikia habari za binti wa jirani. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojizungumzia kwa jina lao kabla ya kuhutubia mbele ya watu walikuwa na wasiwasi mdogo, na hotuba zao zikawa bora. Mwenzako unamhurumia na kumshauri kwa akili timamu. Wewe mwenyewe unajikaripia tu.

Kuhusu lugha, andika ile unayoiongea kikaoni, hata kama ni Kiswahili cha ofisini kilichochanganyika. Kama ni maneno uliyokaripiwa utotoni, yaandike kwa lugha uliyokaripiwa nayo, hata kama ni Kigogo. Hakuna atakayesahihisha. Na hilo jalada gumu mpe mtu zawadi. Daftari zuri humfanya mtu aogope kufuta. Chukua la shule, la bei rahisi, uchafue.

*Shangazi, shikamoo. Naishi kwa kaka yangu. Nilikuwa naandika kila usiku, wifi akalisoma daftari langu nilipokuwa kazini. Niliyoyaandika kuhusu kaka yamefika kwa mama kijijini, tena yameongezwa chumvi. Nimeacha kuandika, lakini kifua kimejaa.*
Msomaji, Tanga

Marahaba, na pole sana. Katika nyumba zetu chumba cha peke yako ni bahati, na ushauri wa "weka daftari la siri" umeandikwa na watu wenye droo yenye ufunguo.

Wewe andika kwenye karatasi mojamoja, kisha zichome kwenye jiko la mkaa usiku huohuo. Usidhani umepoteza kazi. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti wao wa mwaka 1986 huko Texas, waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku nne tu, waandike jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walitoka na huzuni siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida tu. Siku nne, mwanangu. Huhitaji rundo la madaftari chini ya godoro.

Kuhusu wifi, usimuulize kwa nini alisoma, atakuwa na sababu ishirini. Zungumza na kaka yako mwenyewe, asikie kwako na si kwa mama. Na kwa kuwa umeshaandika, unajua tayari utamwambia nini.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni makanika Likoni. Mamangu alifariki mwaka jana. Niliambiwa niandike ili nipoe. Kila usiku naandika kwa nini sikumpeleka hospitali mapema. Sasa silali, na kazini mikono inatetemeka.*
Msomaji, Mombasa

Marahaba. Makiwa, mwanangu.

Acha kuandika hayo, anzia leo. Pennebaker mwenyewe hushauri kwamba kama uandishi unaelekea kukuzidi nguvu, uache, au uandike jambo jingine. "Kwa nini" ya usiku haina mwisho, kila jibu linazaa "kwa nini" nyingine, na asubuhi unashika spana hujalala.

Nenda hospitali ya kaunti, ueleze usingizi na mikono kama ulivyonieleza mimi, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Mtafute ndugu mmoja afuatane nawe, maana kupanga foleni peke yako na hayo yote kichwani ni vigumu. Ukishaanza kulala, na ukitamani kuandika, andika mchana, na uandike juu ya mama mwenyewe: alipika nini Ijumaa, alikuitaje ukichelewa kurudi, alikuwa akicheka nini. Siku ya hospitali iache, hiyo utaizungumza na huyo mtaalamu.